Kiti cha Nyuma

*Kadi ya posta, picha ya kasri ndani ya maji*

Azay-le-Rideau, Jumapili 27 Mei 1979

Kadi namba 112, jozi, baiskeli ya watu wawili. Kituo cha kumi na tano. Saa tano na dakika arobaini asubuhi. Maduka yamefungwa, hakuna wa kutugongea muhuri.

Sahihi: F. Marchandeau
Sahihi: Raymonde Marchandeau

*(Pembeni, kwa mwandiko wa wino wa kijani:)* Leo naingia ndani.


Blois, 31 Mei 1979

Bwana Marchandeau,

Kadi yenu ya Azay imefika. Muhuri wa posta unasomeka, saa imeandikwa, sahihi ni mbili. Kituo nimekikubali.

Nalazimika hata hivyo kurudia jambo nililowaandikia tangu msimu wa kwanza. Pale ambapo maduka yamefungwa, mpanda baiskeli hutuma kadi ya posta, nayo inabeba namba, mahali, saa na sahihi, basi. Mkeo anaendelea kuandika pembeni. Ninayo mafaili yote hapa mezani. Talcy: "Njaa." Loches: "Magoti jamani." Langeais: "Mvua, na yeye hasikii." Sasa hii ya Azay. Kadi ya udhibiti si mahali pa soga, nami sijui nizihifadhi wapi habari za magoti.

Nakukumbusha kwamba mzunguko wa Kasri Kumi na Nane una misimu mitatu, na wa kwenu unafungwa tarehe 30 Septemba. Mmebakiza Ussé, Villandry na Cheverny. Kadi ya jozi inahitaji watu wawili wapite pamoja, kwenye baiskeli ileile, na kila mmoja atie sahihi kwa mkono wake. Jozi nne tu zimewahi kumaliza. Mkimaliza mtakuwa jozi ya tano, na medali itachorwa majina yote mawili.

Huguette Thibaudin
Katibu wa Udhibiti, Chama cha Baiskeli cha Bonde la Beuvron


Contres, 25 Juni 1979

Bibi Katibu,

Ussé tumepita jana, kadi utakuwa umeipata. Upepo ulikuwa wa mbele njia nzima, lakini tulikwenda vizuri. Mimi ni fundi wa mapaa mstaafu, upepo naujua.

Kuhusu yale maandishi ya pembeni, nimezungumza na Raymonde. Ameelewa. Haandiki tena.

Wako mtiifu,
Fernand Marchandeau


Blois, 28 Juni 1979

Bwana Marchandeau,

Kadi ya Ussé nimeipokea, na kona yake ni safi. Misimu mitatu nimeingoja kona hiyo. Mpe Bibi Raymonde shukrani zangu.

Swali dogo la kiofisi. Sahihi yake imekuwa nyembamba, na ile R imelalia kulia kama yako. Je, ameumia mkono?

H. Thibaudin


Contres, 23 Julai 1979

Bibi Katibu,

Villandry tumepita jana, saa tano kasorobo. Kadi iko njiani.

Una macho makali. Ndiyo, Raymonde ameumia kifundo cha mkono wa kulia. Alikuwa juu ya ngazi akichuma cheri, ngazi ikateleza, akashuka nayo. Si vibaya sana. Daktari amemfunga bandeji. Kupiga pedeli anapiga, maana miguu haina neno, ila kalamu inamshinda, kwa hiyo namshikia mkono akitia sahihi. Kama kuna fomu ya kujaza juu ya jambo hili, nitumie nijaze.

Imebaki Cheverny. Tumeiacha ya mwisho kwa sababu iko mlangoni petu, kilomita kumi tu. Tutaipita mwezi wa Septemba.

F. Marchandeau


Blois, 26 Julai 1979

Bibi Raymonde Marchandeau,

Nimesikia habari ya ngazi. Pole sana. Mpanda baiskeli anayeendelea na safari akiwa amefungwa bandeji anastahili heshima ya chama, nami nakupa. Fomu haihitajiki.

Huguette Thibaudin


Vierzon, 3 Agosti 1979

Bibi Thibaudin,

Pole yako imenifikia huku Vierzon, kwa dada yangu Ginette. Posta ya Contres ina anwani yangu mpya tangu Juni, na tarishi wetu ni mtu makini. Asante sana. Mkono wangu ni mzima, jana tu nimewaosha nywele wanawake sita saluni kwa Ginette. Ngazi sijapanda. Na cheri mwaka huu ndege walikula zote mtini, Fernand hakukuta hata ya kuonja. Uongo nao anashindwa kuupanga, maskini.

Ila nimefurahi kusikia kwamba nimefika Ussé na Villandry. Watu wanaisifu sana bustani ya Villandry. Niliipenda?

Bibi, sijakalia ile baiskeli tangu Azay. Wewe unatunza kumbukumbu, basi tunza na hii.

Fernand ni mtu wa muhuri. Tukifika mahali anatafuta mkahawa au duka la mikate, muhuri unagongwa, maji glasi moja, haya twende. Nimepita kasri kumi na tano na sijavuka lango la hata moja. Na uelewe, mtu wa kiti cha nyuma hana breki, hana gia, hana usukani. Ana pedeli zake na mgongo wa mwenzake. Chambord nimeiona kwa jicho la kushoto. Chenonceau mvua ilikuwa inanyesha, nikaona shati la Fernand.

Azay nilimwambia waziwazi, leo naingia. Hata kwako niliandika. Akasema, "Siku nyingine, Raymonde, upepo uko upande wetu." Upepo! Nikashuka kufunga kamba ya kiatu. Nimeinama pale, nasikia "Haya!", bila hata kugeuza shingo, akasukuma, akaenda. Mwanzo nilidhani ananitania. Nikasimama katikati ya barabara nikimtazama mpaka kwenye kona. Hakugeuka, Bibi. Alikwenda bila mimi na hakujua.

Nikaenda langoni nikakata tiketi. Nilikaa ndani saa mbili. Nilipotoka sikumwona, na sikuuliza. Nikaenda stesheni.

Simchukii, andika na hilo. Lakini mume wa miaka thelathini na moja anakuacha barabarani na miguu yake haitambui tofauti. Ukimrudia, unamwambia nini?

Raymonde Marchandeau

Umesema kadi si mahali pa soga. Hii ni barua, kwa hiyo nimepiga.


Blois, 6 Agosti 1979

Bwana Marchandeau,

Nimepata taarifa ya maandishi kutoka Vierzon. Sina haja ya kusema ni ya nani.

Kituo cha Ussé kimefutwa. Cha Villandry kimefutwa. Sahihi ya kughushi inabatilisha kadi nzima, kifungu cha tisa, kwa hiyo kadi namba 112 haipo tena, pamoja na vituo kumi na tano vya halali vilivyoitangulia. Nasikitika juu ya hivyo kumi na tano.

Kanuni zinakupa siku kumi za kutoa maelezo. Maelezo hayo hayatabadilisha uamuzi, lakini lazima yawepo katika faili.

H. Thibaudin


Contres, 14 Agosti 1979

Bibi Katibu,

Haya ndiyo maelezo.

Siku ile ya Azay nilikwenda kilomita nne bila yeye. Najua inavyosikika. Nimejaribu kuwaeleza wenzangu wawili wa chama, mmoja alicheka mpaka akakaa chini, na wa pili alinitazama tu, nikaona afadhali yule aliyecheka.

Raymonde akinuna huwa hapigi pedeli. Anaiacha miguu iende na mzunguko, na hasemi neno. Kwa hiyo niliposikia kimya nikajua amenuna kwa sababu ya kasri, nikasema moyoni, itaisha. Baiskeli ilikuwa nyepesi. Nikasema, unaona sasa huu upepo! Nilipita shamba la mizabibu, wanaume wawili walikuwa wanapalilia, wakaniita na kunionyesha kwa vidole huku wanacheka. Nikadhani wananisalimia. Nikawapungia mkono.

Kisha kikaja kilima cha kuelekea Saché. Nikasema, "Sukuma kidogo, mke wangu." Kimya. Nikasema, "Kwani utanuna mpaka Tours?" Kimya. Ndipo nikageuka.

Nilirudi Azay kwa kasi ambayo sijawahi kwenda. Nilimtafuta kwenye mkahawa, kwenye duka la mikate lililofungwa, kanisani, kwenye benchi zote za mtoni. Nilimuuliza mwanamke mmoja mwenye mbwa. Ndani ya kasri sikumtafuta. Alikuwa ameniambia kwa mdomo wake kwamba anaingia, ameandika mbele yangu, na kadi nimeitia mimi mwenyewe kwenye sanduku la posta. Nimezunguka mji mzima saa mbili na pale langoni nimepita mara tano. Hili ndilo linaloniuma kuliko zile kilomita nne.

Saa moja jioni alipiga simu nyumbani. "Niko kwa Ginette." Akakata.

Kwa nini nilighushi sahihi? Nilifikiri kadi ikikamilika, na medali ikaja na majina mawili, nitampelekea Vierzon, ataiona, atarudi. Ussé na Villandry nilikwenda peke yangu kwenye baiskeli ile ya watu wawili. Watu wananiuliza njiani, "Mwenzako umemwangusha wapi?" Ni utani wa kawaida, kila mwenye baiskeli kama yangu anaujua. Mimi nilikuwa najibu, "Yuko nyuma anakuja."

Namtaka mke wangu arudi, Bibi Katibu. Umetaka maelezo, basi hayo ndiyo yote. Supu nakunywa nimesimama. Jumapili naamka mapema, naivalisha baiskeli mnyororo uliosafishwa, halafu sijui niende wapi.

Sipingi uamuzi.

Fernand Marchandeau


Blois, 20 Agosti 1979

Bibi Raymonde,

Naambatanisha nakala ya barua kutoka kwenye faili namba 112. Nimepekua kanuni zote na sikuona kifungu kinachonikataza kuituma. Kinachoniruhusu pia sikukiona.

Umeniuliza utamwambia nini. Si kazi ya Katibu wa Udhibiti kujibu swali hilo. Ila kwa kuwa hii ni barua na si kadi: nilikaa kiti cha nyuma miaka kumi na moja, mpaka moyo wa mume wangu ulipokataa kazi. Alikuwa mtu mwema na mpole, kila mtu alimpenda. Mezani kwangu zinapita kasri mia tano kwa mwaka, na mimi sijui hata moja kwa ndani. Nilipofika pale ulipoandika kuhusu shati, niliiweka barua chini, nikafunga ofisi, nikaenda nyumbani kabla ya saa.

Huguette Thibaudin


Vierzon, 10 Septemba 1979

Bibi Huguette,

Nimeisoma. Pale alipowapungia mkono wapalilia mizabibu nilicheka hadi Ginette akaja na mikono ya sabuni kuuliza kuna nini. Nikamsomea, tukacheka sote wawili. Kisha nikafika kwenye lile lango alilopita mara tano, nikaona nimsomee kesho.

Jibu la kumpa bado sina. Nikisema nimemsamehe nitakuwa nadanganya, na nikisema simtaki nitakuwa nadanganya zaidi. Jumapili zinanisumbua. Miguu imezoea.

Kwa hiyo nimenunua baiskeli, kutoka kwa mteja mmoja wa Ginette. Ya mtu mmoja, gia tano, breki mbili, usukani, vyote vyangu peke yangu. Siku ya kwanza nilikwenda moja kwa moja nikaingia kwenye ua wa kanisa, maana nilisahau kwamba anayekata kona sasa ni mimi. Siku ya pili nikafika Mehun na kurudi.

Naomba kadi ya mtu mmoja, Kasri Kumi na Nane, nianze na ya kwanza. Na swali: mtu akikaa saa tatu ndani ya kasri, inaharibu chochote?

Raymonde


Blois, 14 Septemba 1979

Bibi Raymonde,

Kadi namba 131 imo ndani ya bahasha hii. Kuhusu muda wa kukaa ndani, kanuni ziko kimya. Walioziandika nadhani hawakulifikiria.

Safari ya vuli ya chama ni Jumapili tarehe 7 Oktoba, na kituo chake kimojawapo kiko mbele ya lango la Cheverny. Unaweza kuanza hapo. Mezani atakuwa Bwana Fernand Marchandeau, maana mwanachama aliyefutiwa kadi hutumikia kituo siku moja. Nakwambia mapema, ili kama hutaki kumwona uanze na kasri nyingine. Yeye sijamwambia chochote kuhusu kadi namba 131.

Pembeni andika upendavyo. Maandishi hayo nimeyafungulia faili.

Huguette


Blois, 17 Septemba 1979

Bwana Marchandeau,

Kwa mujibu wa kifungu cha tisa, aya ya mwisho, umepangiwa kituo cha Cheverny tarehe 7 Oktoba, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri. Meza, muhuri, kidau cha wino na daftari vitaletwa na gari la chama. Kahawa uje nayo.

Mtu wa kituo haondoki mezani. Asiyegongewa muhuri amekosa safari yake. Sina haja ya kukueleza wewe.

H. Thibaudin


Contres, 8 Oktoba 1979

Bibi Katibu,

Taarifa ya kituo cha Cheverny, jana.

Nilifungua meza saa mbili kasorobo. Hali ya hewa baridi, ukungu mpaka saa tatu. Wapanda baiskeli thelathini na mmoja walipita, nao daftari linaonyesha ishirini na watatu. Hao wanane nitawaeleza.

Saa nne na dakika ishirini alifika mpanda baiskeli wa kadi namba 131. Alitoka upande wa Romorantin, peke yake, mashavu mekundu. Sikumtambua mpaka aliposhuka, maana sijawahi kumwona akija. Miaka yote alikuwa nyuma yangu.

Nikasema, "Raymonde." Akaweka kadi mezani, akasema, "Muhuri, tafadhali." Nikagonga. Niliugonga kichwa chini, usimkatalie kwa hilo, kosa ni langu.

Akauliza, "Umeingia ndani?" Nikamwambia nipo pale tangu asubuhi, na mtu wa kituo haondoki. Akasema, "Tunakaa kilomita kumi kutoka hapa, Fernand. Miaka thelathini." Nikamuuliza, sasa nani atashika meza? Akasema, "Meza haina miguu ya kukimbia," akaenda kukata tiketi. Hakunisubiri na hakugeuka.

Nilikaa. Nasema kweli, nilikaa dakika nzima huku nimeushika muhuri. Kisha nikauweka juu ya daftari, nikamfuata.

Tulikaa ndani saa moja na dakika kumi. Ni kubwa, vyumba viko vingi kuliko nilivyodhani kwa kuangalia paa. Paa lake nimelitazama mara nyingi, ni kazi nzuri ya mawe. Raymonde anatembea polepole sana ndani ya nyumba za watu. Anasimama mbele ya kila kitu. Mimi nilijifunza kusimama, si rahisi. Kwenye chumba kimoja cha juu nilikwenda dirishani, nikawaona wale wanane chini wanaizunguka meza. Wananiita kwa jina. Mmoja wao, Bwana Rabier, alikuwa anatazama chini ya meza, sijui alidhani nimejificha. Walikuwa na haki ya muhuri wao, wametoka Blois na upepo wa mbele. Raymonde akaja akasimama kando yangu, naye akawaona. Alikuwa ananitazama mimi.

Sikushuka.

Majina ya wanane hao nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Wapewe kituo chao, wamepita kweli, mimi ni shahidi wao. Kama kuna adhabu iandike kwenye jina langu, na kama ni ya kukaa tena mezani, nakuonya kabisa kwamba naweza kuondoka tena.

Nilimuuliza kama anarudi nyumbani. Akasema anarudi Vierzon, Ginette anamsubiri Romorantin na gari. Nikamshikia baiskeli akapanda. Akasema, "Jumapili ijayo naenda Valençay. Natoka stesheni ya Romorantin saa tatu." Akaenda, na safari hii mimi ndiye niliyesimama barabarani nikitazama mpaka kona. Yeye aligeuka.

Hakusema nije, Bibi Katibu, na hakusema nisije. Baiskeli yangu ya ujana nimeishusha jana kutoka darini, mipira imekufa, ila leo nitapata mingine. Naomba kadi ya mtu mmoja. Tafadhali itie posta leoleo, ifike kabla ya Jumapili.

Fernand Marchandeau